Sura ya Saba: Kazi Inayofunikwa na Plasta

Kati ya kazi zote za jengo, hakuna inayofichwa haraka kama ya bomba. Ukuta uliopinda utaonekana na yeyote mwenye macho, na mlango uliokatwa vibaya utagoma kufungika siku ya kwanza. Bomba la maji safi, la maji taka au la gesi hulazwa kwenye mfereji uliochongwa ukutani, likapigwa plasta, likapakwa rangi, na tangu siku hiyo mwenye nyumba anaishi na kazi asiyoweza kuitazama wala kuijaribu. Mpangaji atakayehamia miaka mitatu baadaye hatajua hata jina la aliyeilaza. Katika kaunti ya Machakos, ambako sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,421,932, na ambako ghorofa zimepanda kwa kasi kutoka Syokimau na Mlolongo hadi Kyumbi na mjini Machakos kwenyewe, kazi hii ya gizani ndiyo inayoamua kama maji ya watu yatabaki safi, kama bafu litakuwa salama, na kama hewa chafu ya mtaro itakaa mtaroni. Sura hii inauliza nani aruhusiwe kuifanya, na kwa ruhusa ya namna gani. Jibu langu ni kwamba leseni na kadi tunazo za kutosha. Tunachokosa ni saini ya fundi inayofungamana na kazi fulani, kwenye jengo fulani, kabla plasta haijapigwa, pamoja na mlango mmoja huko mbele unaokataa kufunguka bila saini hiyo.

Tuanze na kilichopo, kwa sababu mjadala huu huharibika mapema pale mtu anaposema kwamba sekta ya ujenzi haina sheria. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, nambari 41 ya 2011, inakataza mtu yeyote kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa na NCA. Wakandarasi wamepangwa katika madaraja manane, NCA1 juu na NCA8 chini, kulingana na ukubwa wa kazi wanazoruhusiwa kuchukua, kisha wakagawanywa kwa aina ya kazi: majengo, barabara, maji, umeme, na huduma za kimitambo, yaani mabomba, viyoyozi, lifti, vifaa vya kuzima moto na jamaa zake. Sheria hiyo hiyo inaipa NCA jukumu la kuwatambua mafundi stadi na wasimamizi wa saiti, na kanuni za 2014 zikaeleza utaratibu. Kando yake ipo NITA, inayosimamia majaribio ya ufundi ya serikali kwa gredi tatu, kuanzia Gredi III ya anayeanza hadi Gredi I. Vyuo vya ufundi viko chini ya TVETA tangu sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013. Wahandisi wana bodi yao kwa sheria ya 2011, na mafundi sanifu wana yao kwa sheria ya 2016. Hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba Bunge lilisahau.

Ila tazama ruhusa hizi zimeshikwa na nani. Usajili wa mkandarasi umeshikwa na kampuni, na kampuni haichongi ukuta. Kampuni inashinda kazi, inaigawa kwa msimamizi, msimamizi anawaita mafundi aliozoea kufanya nao, na fundi mkuu wa kikosi hicho anakuja na vijana wawili wa mkono ambao ndio watakaolaza nusu ya mabomba. Mkono unaofanya kazi umekaa ngazi tatu chini ya jina lililo kwenye cheti. Kadi ya fundi stadi inakaribia kuuziba ufa huu, kwa kuwa angalau inamtaja mtu. Lakini inasema tu kwamba mtu huyu ni fundi wa bomba. Haisemi kwamba ndiye aliyelaza bomba hili, wala haimlazimu yeyote kuuliza. Mwenye ploti anayejenga nyumba za kupangisha anaweza kumaliza ghorofa nne bila kuiona kadi hata moja, na hakuna hatua ya ujenzi itakayokwama kwa sababu hiyo.

Mlinganishe fundi wa bomba na fundi wa stima. Huyu hupewa leseni yeye mwenyewe, kwa jina lake, na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, iliyochukua nafasi ya tume ya kawi kwa Sheria ya Kawi ya 2019. Leseni zake zina ngazi: C2 chini, kisha C1, B, A2 na A1, na kila anapopanda anaruhusiwa mitambo mikubwa zaidi. Akimaliza kuweka nyaya anazipima, anajaza cheti cha kukamilika kwa kazi, anaandika matokeo ya vipimo, anatia saini na nambari ya leseni yake. Kenya Power haifungi mita bila cheti hicho. Hapo ndipo penye siri ya mfumo huu wote. Mtihani una faida yake, na kadi ina faida yake, lakini kinachozipa nguvu ni kwamba mwenye nyumba anataka stima, na stima iko nyuma ya mlango ambao ufunguo wake ni karatasi yenye jina la mtu. Hahitaji kupenda sheria. Anahitaji taa ziwake. Fundi wa bomba hana mlango wa namna hiyo mbele yake. Maji yataanza kutiririka siku yoyote ambayo pampu itawashwa, awe ameyafungulia fundi wa Gredi I au kijana aliyeshika paipu kwa mara ya kwanza.

Mtu anaweza kujibu kwamba stima inaua papo hapo na maji hayaui, kwa hivyo tofauti hii ya sheria ni ya haki. Hapo inabidi tuisogelee kazi yenyewe. Chukua paipu za plastiki za PPR, zile za kijani au nyeupe ambazo siku hizi zimejaa kwenye saiti zetu. Haziunganishwi kwa nyuzi wala gundi, zinachomwa. Fundi anapasha moto mashine yake hadi nyuzi 260 za Selsiasi, anasukuma ncha ya paipu upande mmoja na kiungo upande wa pili, anahesabu, anavitoa, anaviunganisha bila kuvizungusha, anashikilia hadi vipoe. Paipu ya milimita 20 inahitaji sekunde 5 za moto, ya milimita 25 inahitaji 7, ya milimita 32 inahitaji 8. Akizidisha, plastiki iliyoyeyuka inajikusanya ndani na kuziba njia ya maji, na wapangaji wa ghorofa ya juu watalalamika miaka yote kwamba maji hayana nguvu bila yeyote kujua kwa nini. Akipunguza, kiungo kinashika kwa nje tu. Siku ya kukabidhi nyumba kitakuwa kikavu kabisa. Kitaanza kutoa jasho miezi baadaye, ndani ya ukuta, pale ambapo maji yatashuka polepole kwenye slabu na kuanza kula chuma cha zege. Tofauti ya kazi njema na mbovu ni sekunde 3 ambazo hakuna aliyezishuhudia isipokuwa fundi. Njia pekee ya kuzishuhudia baadaye ni kuujaza mfumo maji kwa pampu ya mkono, kuupandisha hadi mara moja na nusu ya shinikizo la kawaida, na kuiangalia geji ikiwa imesimama palepale, ukuta ukiwa bado wazi.

Machakos ina sababu yake ya kuliogopa jambo hili kuliko miji yenye maji tele. Mji ulianza kunyweshwa na bwawa la Maruba na visima, na mahitaji yamezidi uwezo wake kwa miaka mingi. Maji huja kwa zamu, na kila mtu ana tangi. Mabomba yanapojaa na kukauka, kisha yakajaa tena, hali ya ndani yake hubadilika. Bomba linaloishiwa maji huvuta. Kama kuna mpira uliozamishwa kwenye beseni la nguo ghorofa ya pili, au bomba la kuingizia maji limeshuka chini ya kiwango cha maji kwenye tangi la ardhini, au tangi hilo limechimbwa hatua chache kutoka shimo la maji taka na lina ufa, uchafu utafyonzwa kurudi kwenye njia ya maji ya kunywa ya jirani. Kinga yake haina gharama kubwa: mdomo wa bomba uachwe juu ya usawa wa maji ya tangi, pawe na nafasi ya hewa katikati, na pale ambapo nafasi hiyo haiwezekani iwekwe valvu inayopitisha maji upande mmoja tu. Fundi aliyefundishwa anajua hili katika mwaka wake wa kwanza. Asiyefundishwa hawezi kuligundua kwa uzoefu, kwa sababu madhara yake hayamrudii yeye. Yanaonekana zahanati, kwa mtoto wa nyumba nyingine, kama ugonjwa wa tumbo ambao hakuna atakayeuhusisha na mpira wa kufulia nguo. Katika kaunti ambayo kipindupindu si hadithi ya kale, ujinga wa aina hii ni suala la afya ya umma.

Ushahidi mzito zaidi wa jambo hili unatoka mbali. Machi 2003, katika majengo marefu ya Amoy Gardens huko Hong Kong, zaidi ya wakazi 300 waliambukizwa SARS ndani ya muda mfupi. Wachunguzi walipofuatilia ugonjwa ulivyosambaa kutoka nyumba moja hadi nyingine, walifika kwenye matundu ya kutolea maji sakafuni mwa mabafu. Chini ya kila tundu kuna bomba lililokunjwa kama herufi U, na kazi ya mkunjo huo ni kubakisha maji kidogo yanayozuia hewa ya mtaro isipande ndani. Katika nyumba nyingi maji hayo yalikuwa yamekauka. Mtu akiwasha feni ya bafuni, feni ilivuta hewa kutoka mtaroni, pamoja na chembechembe za ugonjwa. Sentimita chache za maji zilikuwa ukuta kati ya mgonjwa mmoja na jengo zima. Mikunjo hiyo hiyo iko chini ya masinki na mabafu ya Mlolongo, na katika nyumba zinazokaa siku kadhaa bila maji hukauka kwa wepesi. Fundi anayejua kwa nini mkunjo upo ataupa kina cha kutosha na ataweka bomba la kupumulia linalopanda hadi juu ya paa, ili choo cha ghorofa ya nne kikiflashiwa kisinyonye maji ya mikunjo ya chini. Fundi anayedhani ni pambo la kiwandani ataukata ili maji yaende haraka, na mwenye nyumba atamshukuru kwa kuokoa paipu.

Kisha kuna kazi zinazoangukia katikati ya sheria mbili, na shawa ya stima ndiyo mfano wake bora. Kile kichwa cha plastiki juu ya bafu kinavuta yapata wati 5,500, karibu ampia 23 kwa umeme wetu, kupitia koili iliyozama katika maji yale yale yanayommwagikia mtu. Kinahitaji waya mnene wa kutosha peke yake kutoka kwenye boksi, swichi yake ya kukata stima, na waya wa ardhi uliofungwa kweli, si ule uliokatwa na kukunjwa nyuma. Maeneo ya Mavoko yana visima vyenye maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji ya mvua. Ndiyo maana madukani huuzwa shawa za aina yake kwa maji hayo, na ya kawaida haifai. Sasa nani mwenye kazi hii? Fundi wa bomba ndiye anayeifunga kwenye paipu. Mara nyingi ndiye anayeunga na nyaya, kwa sababu zimeachwa zikining'inia palepale na mwenye nyumba hataki kumlipa mtu wa pili. Cheti cha fundi wa stima kilishatiwa saini wiki kadhaa kabla, wakati pale juu palikuwa na nyaya tupu. Hakuna saini ya mtu yeyote juu ya kifaa chenye hatari kuliko vyote ndani ya nyumba.

Si kwamba sheria haikuwahi kuielewa mitambo. Katika viwanda vya Athi River, boila ya mvuke lazima ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa na mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na lifti lazima ichunguzwe kila miezi 6, kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, iliyorithi sheria ya viwanda ya enzi ya ukoloni. Asili yake inaeleza mengi. Sheria ile ilitungwa kwa ajili ya kiwanda, penye mashine inayonguruma na mfanyakazi aliyesimama kando yake. Nyumba ya kupangisha ng'ambo ya barabara haikuwa akilini mwa aliyeiandika. Lakini tangi la maji moto lililofungwa, lisilo na valvu ya usalama au ambalo valvu yake imezibwa kwa sababu ilikuwa inadondosha, ni boila ndogo. Maji yakipashwa moto hutanuka, na yakiwa yamefungiwa yatapita kiwango chake cha kuchemka bila kuchemka, hadi chuma kishindwe. Hapo hugeuka mvuke mara moja na kutaka nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile yaliyokuwa nayo. Fizikia haijui kama iko kiwandani au sebuleni. Viyoyozi navyo vinaelekea huko: mkataba wa Montreal wa 1987 na marekebisho yake ya Kigali ya 2016 vinasukuma dunia iache gesi za zamani, na mojawapo ya zinazochukua nafasi yake, R-290, ni propani, jamaa wa gesi ya kupikia. Fundi aliyezoea kuchomelea karibu na gesi isiyowaka atahitaji kujifunza upya.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia, na lenye mvuto, ni kwamba soko linajua. Fundi mbaya hupoteza jina, hupoteza kazi, na mji mdogo hausahau. Machakos inao mfano mzuri wa jina linavyoweza kulinda ubora bila leseni yoyote: wachongaji wa Wamunyu. Mutisya Munge alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nao nyumbani, na kutoka kwake ukazaliwa ufundi uliolisha maelfu ya familia na hatimaye kujenga ushirika. Hakuna afisa aliyewahi kuhitaji kumpima mchongaji wa Wamunyu. Lakini mnunuzi wa kinyago anakishika mkononi, anakigeuza, anaona ufa, anagusa msasa, anakilinganisha na cha jirani, kisha analipa. Jina hufanya kazi pale ambapo ubora unaonekana kabla ya malipo, au kasoro inajitokeza mapema na mwenye kasoro anajulikana. Mwanauchumi George Akerlof alionyesha mwaka 1970, katika utafiti uliomletea sehemu ya tuzo ya Nobel ya 2001, kinachotokea pale ambapo muuzaji anajua na mnunuzi hajui: mnunuzi hulipa bei ya wastani, mwenye bidhaa njema huona hasara na kuondoka, na soko hubaki na ovyo. Mwenye ploti asiyeweza kutofautisha kiungo cha sekunde 4 na cha sekunde 7 atachagua fundi wa bei ya chini, na fundi anayepima shinikizo kabla ya plasta atakosa kazi kwa sababu ya siku moja aliyoiongeza kwenye bei. Kwa fundi mwaminifu, ukosefu wa saini ni adhabu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silichukulii kama kisingizio. Milton Friedman aliandika mwaka 1962 kwamba leseni za kazi huishia mikononi mwa walio ndani tayari, wanaozitumia kuwafungia nje walio nje. Marekani imempa ushahidi: katika miaka ya 1950 chini ya mfanyakazi mmoja kati ya 20 alihitaji leseni, na ripoti ya ikulu yao ya 2015 ilikiri kwamba sasa ni zaidi ya mmoja kati ya wanne, hadi kwenye kazi za kusuka nywele na kupanga maua. Nchini Kenya, ambako zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi nje ya kilimo kidogo wako kwenye jua kali, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Fundi aliyejifunza kwa mjomba wake huko Kangundo, aliyeacha shule darasa la saba na mwenye mkono mzuri kuliko wengi wenye diploma, ndiye wa kwanza kufukuzwa na sheria inayodai vyeti. Kwa hivyo mlango wa kuingilia lazima uwe mtihani wa mkono. Fundi apewe paipu, mashine, sinki na valvu. Aunganishe, apime, aeleze kwa mdomo kwa nini amefanya hivyo, kwa Kiswahili au Kikamba. Majaribio ya NITA yanao msingi huu, na sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini imekuja kuupanua. Vyuo vya ufundi stadi ambavyo Katiba imeviweka chini ya kaunti vinaweza kuwa mahali pa kuufanyia, badala ya kumsafirisha mtu hadi Nairobi na kumpotezea mshahara wa siku tatu. Friedman yuko sahihi kuhusu leseni inayouliza umesoma wapi. Hoja yake hudhoofika mbele ya leseni inayouliza kiungo hiki kinavuja au hakivuji.

Nakubaliana naye pia kwamba wigo uwe mdogo. Mkulima wa Masinga anayeunga bomba la uani kutoka kwenye tangi lake la mvua hahitaji saini ya mtu. Likivuja ataliona na maji yatakayomwagika ni yake. Kipimo kiwe hatari iliyofichwa na inayomwangukia mtu mwingine: bomba linaloingia ukutani kwenye nyumba ya kupangisha au ya umma, mtaro unaohudumia zaidi ya familia moja, maji moto yaliyofungiwa, gesi ya kupikia inayosambazwa kwa bomba, shawa ya stima. Ngazi za fundi wa stima, kutoka C2 hadi A1, zinaonyesha kwamba jambo hili linawezekana bila kumtaka kila mtu awe mhandisi.

Wengine watasema kwamba leseni ni mlango mwingine wa rushwa, na wataitaja Embakasi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka katika mtaa wa Mradi, ikaua watu na kujeruhi mamia. EPRA ilieleza siku iliyofuata kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka 2023, kwa kuwa hayakutimiza masharti ya usalama. Wengi walisoma habari ile kama uthibitisho kwamba leseni hazina maana. Mimi naisoma kama uthibitisho wa hoja ya sura hii. Ruhusa ilikataliwa, na kukataliwa kwake hakukuzuia chochote, kwa sababu hakuna kitu ambacho mwenye gesi alikihitaji kilichokuwa nyuma ya ruhusa hiyo. Ni kweli vilevile kwamba saini huweza kuuzwa, na fundi wa stima mwenye leseni anaweza kushawishika kutia jina lake kwenye kazi ya mwingine kwa elfu chache. Hata hivyo saini iliyouzwa ina mwenyewe. Nyumba ikiungua, kuna mtu wa kuuliza, leseni ya kufuta, na mahakama ina pa kuanzia. Kwa bomba la maji taka lililounganishwa na la maji safi, leo hii uchunguzi unaanza na kuishia kwa msimamizi wa ploti akisema kwamba fundi alikuwa kijana mmoja tu, simu yake haipatikani.

Limebaki swali la mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti leseni za biashara, lakini linaongeza kwamba usimamizi wa taaluma haumo, na wanasheria watasema Machakos haiwezi kutunga leseni yake ya mafundi. Haihitaji. Jedwali hilo hilo limeipa kaunti huduma za maji na maji taka, mipango ya ujenzi, usambazaji wa gesi, na uzimaji moto. Kaunti inaweza kuacha upimaji wa mafundi kwa NITA na NCA, ikabaki na uamuzi wa nini itakubali kwenye meza yake yenyewe. Kibali cha kujenga hutolewa na kaunti chini ya sheria ya mipango ya 2019. Cheti cha kuruhusu watu kuhamia jengo hutolewa na kaunti. Muunganisho wa maji na wa mtaro unatolewa na kampuni za maji zilizo chini ya kaunti, na pale Mavoko ambako wengi hutegemea visima na mabauza, cheti cha kuhamia kinabaki. Kanuni za ujenzi za 1968, ambazo nchi ilizitumia kwa zaidi ya nusu karne, zimempisha mrithi wake wa 2024, kwa hivyo kila kaunti ina sababu ya kuzipitia upya fomu zake. Hakuna wakati mwepesi zaidi wa kuongeza ukurasa mmoja.

Ukurasa huo uwe na mambo machache: jina la fundi na nambari ya utambulisho wake, sehemu aliyoifanya yeye mwenyewe au kuisimamia kwa macho yake, tarehe ya kupima, shinikizo lililofikiwa na muda lililodumu, aina ya shawa na chanzo cha maji, na saini iliyotiwa kabla ya plasta. Wajibu wake udumu miaka kadhaa, wala usiishe siku ya kukabidhi funguo, kwa sababu kiungo kibovu huchukua muda kujionyesha. Mwenye jengo akimkataza fundi kupima ili kuokoa siku, fundi awe na haki ya kuandika hivyo kwenye ukurasa huo huo, na jengo lisipewe cheti hadi lipimwe. Nakala moja ibaki kwa fundi, moja kwa mwenye jengo, moja kwa kaunti, pamoja na picha za kila ukuta ukiwa wazi, ili fundi atakayeitwa baada ya miaka kumi kutoboa tundu la antena ajue bomba la gesi linapita wapi.